Kipupwe cha Njombe, maharage magumu na njaa ya saa nane usiku

Swali: "Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Njombe mwezi wa nne nikitokea Mbagala, Dar. Nina watoto wawili, wa miaka sita na tisa. Tangu Juni iingie, jiko limenishinda. Maharage nachemsha mchana kutwa na bado yana kiini kigumu. Mchuzi unaganda kwenye sahani kabla hatujamaliza kula. Watoto wanakula wakashiba saa moja jioni, saa nane usiku wananiamsha wana njaa. Gunia la mkaa halimalizi mwezi, na kweli usiku huwa tunaliingiza jiko chumbani tuote. Wenyeji wananiambia baridi hii inataka nyama na mafuta mengi. Nipike nini? Na mapishi ya nazi ndiyo niyasahau?"

Dada Mwalimu, pole kwa baridi, na karibu nyanda za juu.

Ya chakula nitakujibu yote, lakini kwanza hilo la jiko, maana umelitaja kwa kupita kana kwamba si kitu. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana wala kunuka, inayoingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Mtu anasinzia, anadhani amepata joto zuri, na akija kushtuka hana nguvu ya kuinuka akafungue mlango. Msidanganywe na makaa yaliyofifia yakavaa majivu. Hayo nayo yanaitoa. Mtoto akiamka kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka, kisha akitoka nje akapata nafuu, fikiria jiko kabla hujafikiria malaria. Oteni moto jikoni mlango ukiwa wazi, na wakati wa kulala jiko lilale nje. Kitandani weka chupa imara ya maji ya moto, kifuniko kimekazwa sawasawa, imezungushiwa kanga. Inatosha kabisa.

Sasa tuje kwenye sufuria. Nimesoma barua yako mara mbili na sioni kwamba tatizo ni mapishi. Vyakula unavyopika ni vizuri. Ila unapika chakula cha Njombe kwa saa za Mbagala.

Mbagala maji yanachemka kwenye nyuzi joto 100. Kila ukipanda kama mita 300 kutoka usawa wa bahari, kiwango hicho kinashuka kwa takriban nyuzi moja. Njombe mjini panakaribia mita 2,000, kwa hiyo sufuria yako inatokota kwenye nyuzi 93 au 94 hivi. Kwa macho huwezi kujua: mapovu ni yaleyale, mvuke ni uleule. Na hapa ndipo gunia lako linapoteketea. Unaona maharage hayaivi, unaongeza mkaa, unapepea, mapovu yanaruka mpaka yanainua mfuniko. Joto la maji halijaongezeka hata nyuzi moja. Ulichoongeza ni mvuke tu, na mkaa umekwenda nao. Sufuria ikishaanza kuchemka, funika vizuri, ziba kimlango cha hewa cha jiko la mkaa kibaki ufa mdogo, uiache itokote taratibu. Itaiva kwa muda uleule ambao ingeivia kwenye moto mkali.

Utauliza mbona ugali hausumbui. Wanga wa mahindi unavimba na kushikana kwenye joto la chini sana kuliko kuchemka, nyuzi 70 na kitu hivi, ndiyo maana ugali unakubali popote, hata Makete kule juu Kitulo ambako umande unaganda asubuhi. Nyama nayo haina shida kubwa. Mishipa na kano vinalainika kwa joto la wastani, mradi uvipe muda. Kinachokataa ni maharage, njegere kavu, mahindi ya makande. Maganda yake na kile kinachoshikamanisha chembe za ndani vinataka joto hasa, na nyuzi sita au saba zilizopotea zinatosha kukugeuzia saa moja na nusu ikawa tatu.

Kuna na jambo la pili ambalo wageni wengi wa huku hawalijui. Najua unaloweka maharage usiku, kila mtu aliyelelewa pwani analoweka. Lakini maji ya bomba usiku wa Julai ni baridi ya kuuma vidole, na kwenye maji ya namna hiyo maharage hayanywi. Asubuhi yanaonekana yamevimba, ganda limenyooka, kumbe ndani bado. Chukua punje moja uipasue kwa ukucha. Ukiona doa jeupe kavu katikati, kama chaki, hayajalowa, na hicho ndicho kile kiini kigumu unachokilalamikia saa saba mchana. Badala yake chemsha maji jioni, mimina maharage, yatokote dakika mbili tatu, epua, funika, yaache yalale humo. Weka na kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwa kila lita ya maji. Najua umefundishwa kwamba chumvi inagandisha maharage. Kwenye maji ya kulowekea ni kinyume, inasaidia ganda kulainika. Asubuhi unamwaga maji hayo, unasuuza, unaanza na maji mapya.

Kinachogandisha kweli ni nyanya, ndimu na kila kitu kichachu. Usiviweke mpaka punje ibonyee kwa vidole viwili bila ubishi. Na magadi? Yanalainisha, hilo halina ubishi, lakini yanaharibu vitamini B1 na yakizidi kidogo tu mboga inaonja sabuni. Mimi siyatumii. Kama hata baada ya yote haya maharage yanakataa, basi ni ya zamani, yamekaa stoo ya mtu misimu miwili. Badilisha muuzaji.

Sasa mkaa. Kitu kimoja kitakachokuokoa wewe, mtu wa kutoka asubuhi na kurudi alasiri, ni kikapu cha joto. Tafuta tenga au kikapu kipana chenye kimo kuzidi sufuria yako ya lita tano. Tandika chini nyasi kavu au nguo kuukuu unene wa shubiri moja, zungushia pembeni blanketi lililochakaa, halafu shona mto wa kitenge uliojazwa sufi au vipande vya vitambaa wa kufunikia juu. Acha shimo katikati linaloibana sufuria barabara. Nailoni isiguse sufuria, itayeyuka.

Asubuhi, wakati unapika uji, maharage yaliyolowa yachemke nusu saa nzima kwa moto unaotokotesha kweli. Nusu saa hiyo usiikate hata ukichelewa kengele. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo inavunjwa na kuchemka. Yakipashwa moto wa vuguvugu tu bila kuchemshwa kwanza, sumu haiondoki, na watu wanaishia kutapika na kuhara. Na kwa kuwa maji ya huku yanachemka kwa joto pungufu, ndiyo sababu nasema nusu saa na si dakika kumi. Kisha sufuria, ikiwa imejaa angalau theluthi mbili na mfuniko umebana, inatoka jikoni moja kwa moja na kuingia kwenye kikapu, mto juu, basi. Usifungue kuchungulia. Ukirudi saa nane utayakuta laini, na bado ya moto wa kuunguza. Yachemshe upya, uunge.

Kipimo cha kikapu kizuri ni hicho cha kuunguza. Ukifungua mvuke usikupige usoni, na sufuria unaishika kwa mkono mtupu, chakula kimekaa vuguvugu kwa saa kadhaa na huo ndio uvuguvugu ambao vijidudu vinaupenda. Kukichemsha tena hakuondoi kila sumu iliyokwisha kutengenezwa. Kimwage, ongeza nguo kwenye kikapu. Chakula chenye nyama usikiache humo zaidi ya saa nne.

Ukipata uwezo, nunua sufuria ya presha. Hiyo inafunga mvuke na kulipandisha joto juu kuliko hata la Mbagala, maharage yaliyolowa yanaiva kwa chini ya saa moja. Muda ulioandikwa kwenye kijitabu chake uongeze karibu robo, kwa sababu ya mwinuko.

Njaa ya saa nane usiku. Hapa wenyeji wako wamekuambia nusu ya kweli. Mwili unaotetemeka unaunguza chakula kingi, lakini mtoto mwenye sweta, soksi na blanketi mbili hatetemeki, kwa hiyo soksi zina kazi kubwa kuliko nyama. Shida ninayoiona ni chakula chenyewe cha jioni. Ugali, chinese na mchuzi mwepesi wa dagaa unajaza tumbo la mtoto wa miaka sita haraka, maana tumbo lake ni dogo na sehemu kubwa ya kilichoingia ni maji. Ukifika usiku wa manane kimekwisha safari. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa. Ya wanga au ya protini ina nne. Mtoto huyo anahitaji sahani ileile iwe nzito zaidi, siyo kubwa zaidi, na uzito huo si lazima utoke buchani. Karanga, maziwa na parachichi vinaufanya vizuri, na Njombe ya leo parachichi ni la kukosa kwa kupenda. Yale makubwa ya kienyeji, yasiyopelekwa nje ya nchi, nusu moja pembeni ya sahani ya kila mtoto jioni, na chumvi kidogo.

Chakula nitakachokuomba ukipike kwanza ni hiki, maharage na viazi vya karanga. Nusu kilo ya maharage iliyopita kwenye kikapu. Viazi mviringo kilo moja, vimenywe na kukatwa vipande vya kujaza kijiko. Viazi vyenye ubichi wa kijani kwenye ganda viweke kando. Menya kijani chote kwa kina, na kilichopenya ndani au kinachouma ulimi kitupwe. (Ukinunua lumbesa kwa ajili ya msimu mzima, iweke gizani, mwanga ndio unaoleta ukijani huo.) Kaanga vitunguu viwili kwa mafuta ya alizeti mpaka vigeuke rangi ya kahawia kingoni, si kulainika tu, kwa sababu ladha yote ya chungu hiki iko hapo. Tia tangawizi iliyotwangwa, kitunguu saumu, karoti mbili, halafu maharage na supu yake, halafu viazi. Viazi vikikaribia kuiva, nyanya tatu zilizokunwa.

Karanga gramu 100 hivi, zilizokaangwa na kusagwa. Usizimwage kavu kwenye sufuria, zitafanya madonge. Chota supu ya moto bakuli moja, korogea humo mpaka ziwe uji laini, ndipo urudishe. Kuanzia hapo moto uwe mdogo na mwiko uguse chini kila mara, karanga hushika sufuria upesi kuliko kitu chochote. Utaona mchuzi unabadilika: kwanza mweupe kama maziwa ya maji, kisha baada ya dakika kumi hadi kumi na tano unakuwa mzito na vijidoa vya mafuta ya dhahabu vinatokeza juu. Hapo zimeiva. Ponda vipande vitano sita vya viazi kwenye ukingo wa sufuria vishike mchuzi, tupia majani ya maboga au chinese yaliyokatwa, dakika tatu, epua. Hakihitaji ugali. Mkiwa watatu kinabaki cha kesho, na kesho ni kitamu zaidi.

Kwa hicho cha kesho, nikuonye. Baridi ya Njombe si friji. Jikoni usiku panaweza kuwa na nyuzi 12, na mchana jua likitoka panapanda tena. Kilichobaki kipoze haraka kwenye chombo kipana, kiweke mahali pa baridi kuliko pote, kiliwe kesho yake mapema baada ya kuchemka kabisa, si kupashwa. Wali usiubakishe.

Kuhusu mchuzi kuganda, angalia dumu lako la mafuta. Kama asubuhi yameshikana yakawa meupe kama samli, ni mafuta yatokanayo na mawese, na yatakufanyia vivyo hivyo kwenye sahani na kwenye paa la mdomo. Mafuta ya alizeti hayagandi kwa baridi hii. Mafuta ya ng'ombe ndiyo mabaya zaidi, yanaganda hata mchuzi ukiwa bado vuguvugu. Kwa hiyo nyama ya mafuta ipikie supu ya kunywewa ikiwa inafuka. Halafu sahani zako za bati au za udongo, zimwagie maji ya moto kabla ya kupakua, uzifute. Hotpoti nayo ijazwe maji ya moto dakika tano kabla ya kuweka chakula. Hotpoti iliyolala kwenye baridi inanyonya joto la chakula chenyewe. Pakua kidogo, rudia.

Kwa nyama, Jumamosi moja kwa wiki inatosha, na ununue kongoro badala ya mnofu. Ni rahisi, na baridi imeumbiwa kongoro. Chemsha kwanza maji ya kwanza umwage, kisha anza upya na tangawizi nyingi, pilipili manga, kitunguu saumu, chumvi. Saa moja na nusu jikoni, saa nne kwenye kikapu, irudi jikoni na viazi na ndizi mbichi. Ukikamua ndimu mezani, kila mtu na yake. Nguruwe inaliwa sana huku. Kama nyumbani kwenu inaliwa, nunua yenye mhuri wa mkaguzi na uipike mpaka ndani pasibaki wekundu, kwa sababu minyoo ya tegu ipo nyanda za juu kusini.

Siku nyingine una makande, ambayo Wakenya wa mlimani huyaita githeri, nayo yanakwenda kwa utaratibu uleule wa kikapu. Una mtori wa Kilimanjaro, ndizi na nyama vikapondwa vikawa kitu cha kunywa. Una njegere mbichi za hapo hapo sokoni ambazo hazina usumbufu wowote wa kuloweka. Kabichi la Njombe ni tamu, usiliue: likatwe jembamba, moto mkali, dakika nne.

Asubuhi uji wa ulezi, siyo chai na mkate. Ulezi una madini ya kalsiamu kwa wingi, na ukiukorogea maziwa na kijiko cha karanga, mtoto anafika kwenye mapumziko ya saa nne bila kuangalia dirishani. Chai ya tangawizi inyweni, nani atawakataza na baridi hii, lakini ipisheni na chakula angalau saa moja, kwa kuwa majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage. Kwa watoto wadogo hilo si jambo dogo.

Na nazi, usiisahau. Zinafika na magari ya kutoka Dar, bei yake tu ndiyo inapanda mlima nazo. Ukiipata moja, usiitawanye kwenye mboga za wiki. Iweke kwa wali wa Jumapili. Mchele uloweke nusu saa, maji yazidi kidogo yale uliyozoea, moto mdogo, makaa juu ya mfuniko kama kawaida yenu, na uupe dakika kumi za ziada kabla ya kufunua. Tui zito litie mwishoni, wali ukishakauka nusu. Siku zote nyingine karanga zitashika zamu ya nazi.